Mabehewa yanaacha reli pale pale kila mara na mimi nataka kuanza mlima na handaki, nianzie wapi?

kichwa_cha_moshi:

Habari wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu sana, leo imebidi niandike maana nimefika mahali nimekwama na sitaki nije nibomoe kazi baadae.

Nimeanza kujenga reli ya treni ndogo nyumbani, skeli ya HO ile ya 1:87, juu ya plaiwudi moja nzima ya sentimita 122 kwa 244. Chini kuna fremu ya mbao, juu nimebandika tabaka la koki (kama ile ya vizibo vya chupa) ya milimita 5, halafu nina njia mbili za mzunguko. Ya ndani ina kona za nusu kipenyo milimita 457, nimetumia vipande vilivyokuja na seti. Ya nje ni milimita 559, hiyo nimetumia ile reli ndefu ya sentimita 91 unayoikunja mwenyewe. Katikati nimeweka pointi nne zinazogawa njia kuingia kwenye yadi ndogo ya kuegesha mabehewa.

Sasa shida yangu. Njia ya nje, kona ya kushoto, pale vipande viwili vya reli ya kukunja vinapoungana, mabehewa yanaacha reli. Siyo kila mzunguko, inaweza kupita mara tatu safi kabisa ya nne behewa linalala chini, na treni ikirudi kinyumenyume ndo balaa kabisa. Nikienda taratibu inapita, nikiongeza mwendo inatoka. Nimeibonyeza reli, nimepigilia vimisumari zaidi, bado.

Shida ya pili injini inapungua nguvu ikifika upande wa mbali na kontrola (kile kifaa cha kuongoza umeme na mwendo), inavuta kama imechoka, ikirudi huku inachangamka tena.

Na la tatu siyo shida ila ni kiu. Nimeshapata plasta, gundi, rangi na nyasi za kupandikiza, na mwanangu kila jioni ananiuliza mlima unakuja lini. Plani yangu ni mlima ukae kona hiyohiyo ya kushoto na handaki lipite chini yake, halafu baadae nipandishe njia ya nje ikatize juu ya njia ya ndani kwa daraja. Mnanishauri nianze mandhari huku narekebisha reli mdogomdogo, au nisubiri? Na nikisubiri nasubiri mpaka lini?

fundi_geji:

Mkuu karibu, na hongera kwa kufika hapo, wengi wanaishia kwenye kununua seti. Ila tafadhali sana usiguse plasta. Umesema mwenyewe kwamba mlima unakaa kona ileile inayoangusha mabehewa, maana yake unataka kuichukua sehemu mbovu kuliko zote na kuifunika kwa plasta mahali ambapo mkono hautafika. Nilishafanya hivyo, nilikuwa na handaki la sentimita 70 na jointi mbovu katikati yake na nilikuja kulipasua mlima mzima kwa nyundo baada ya miezi minne, sitamani mtu mwingine apitie hiyo.

Kwanza tofautisha kosa la reli na kosa la behewa. Chukua daftari, kila behewa linapotoka andika ni behewa gani na ni wapi. Kama behewa moja linatoka kila mahali, lawama ni ya behewa. Kama mabehewa yote yanatoka sehemu moja, basi ni reli. Wewe maelezo yako yote yananiambia reli, na nakuambia bila kuiona: una kipembe pale kwenye jointi. Reli ya kukunja ina tabia ya kutaka kurudi kunyooka, ukiikunja mita nzima sehemu ya katikati inatii lakini sentimita tatu nne za mwisho zinabaki zimenyooka. Sasa ncha mbili zilizonyooka zikikutana kwenye kona, hapo katikati siyo kona tena, ni pembe. Behewa likifika pale gurudumu la mbele linaambiwa geuka ghafla, likiwa na mwendo linapanda juu ya reli. Kinyumenyume ni mbaya zaidi kwa sababu mabehewa yanasukumwa, yanabanana na kutafuta pa kutokea.

Inama jicho lako liwe usawa wa reli, funga jicho moja, angalia kona kwa urefu wake kama mtu anayekagua ubao kama umepinda. Kipembe utakiona. Halafu pitisha ukucha wa kidole juu ya jointi na ndani yake, ukikwama hata kidogo ujue gurudumu nalo linakwama. Na simu ikiwa na video ya mwendo wa polepole iweke pale pembeni uache treni ipite, utaona hasa ni gurudumu lipi linaanza kupanda.

Dawa yake siyo misumari. Ng'oa vipande vyote viwili, viweke mezani vikiwa vimenyooka kabisa, viunge na uvisolde jointi wakati vimenyooka, kisha ndo uvikunje pamoja kama reli moja ndefu ya karibu mita 1.8. Kona itatoka laini moja kwa moja. Ukikunja utaona reli ya upande wa ndani inachomoza mwishoni, usishtuke, kata hiyo ziada na upige tupa ncha yake mpaka iwe laini, hasa upande wa ndani unaogusa ukosi wa gurudumu (ule ukingo unaolishika relini). Halafu usiingie kwenye kona ghafla kutoka kwenye mstari ulionyooka. Acha reli ianze kupinda kidogo kidogo kwa sentimita 20 hivi kabla haijafika kwenye kona kamili. Nafasi yako ni finyu lakini hata hiyo kidogo inasaidia.

Mabehewa nayo usiyaache. Yapime uzito. NMRA, chama cha wajenzi wa reli ndogo cha Marekani, wana pendekezo lao kwa HO: anza na aunsi 1, ongeza nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwa gramu ni 28 halafu 14 kwa kila sentimita 2.54. Behewa la sentimita 15 linatakiwa liwe na gramu 113 hivi. Mengi ya kwenye seti yako chini ya hapo, bandika nati au vipande vya chuma ndani, chini kabisa ya behewa na katikati, usibandike darini.

Na urefu wa mabehewa, hili watu hawaambiwi dukani. Kanuni ya haraka ni kwamba nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa. 559 gawa kwa 3 unapata 186, kwa hiyo mabehewa mpaka sentimita 18 yatatembea vizuri kwako. Behewa la abiria la mita 26 likiwa HO ni karibu sentimita 30, hilo linataka kona ya sentimita 90, kwenye plaiwudi yako halina nafasi hata ukilazimisha. Penda mabehewa mafupi mkuu, yanapendeza na yanafanya meza yako ionekane kubwa.

Usubiri mpaka lini? Mpaka treni ndefu kuliko zote ulizonazo isukumwe kinyumenyume kuzunguka mara 50 bila behewa hata moja kutoka. Ikitoka ya 49 unarekebisha na unaanza kuhesabu upya.

mataruma_na_kokoto:

Kaka kichwa_cha_moshi, mzee geji amesema kweli tupu kuhusu reli na mimi siongezi neno hapo. Ila kuhusu kusubiri sikubaliani naye kwa asilimia zote. Mtu mwenye kiu ya mandhari ukimwambia asubiri miezi mitatu akihesabu mizunguko, mwisho anaichukia meza yenyewe, na mtoto naye anaacha kuuliza. Mimi ningekushauri chukua kipande cha ubao cha sentimita 30 kwa 60, weka reli iliyonyooka juu yake, na fanya mandhari yote hapo mwanzo mpaka mwisho, udongo, kokoto, nyasi, mti, kibanda, mtu amesimama. Makosa yako yote ya kwanza yatakaa kwenye ubao huo, mlima wako utakuja ukiwa na mkono uliozoea.

Anza na taa. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu mimi nilipaka rangi za ardhi chini ya taa ya njano, nikaja kubadilisha taa kuwa nyeupe, udongo wangu mwekundu mzuri ukageuka waridi. Funga taa utakazotumia siku zote, kisha ndo ufungue kopo la rangi.

Halafu paka rangi reli yenyewe kabla ya kokoto. Reli inayong'aa pembeni na mataruma meusi ya plastiki ndo kitu kinachosema "hiki ni kichezeo" kwa sauti kubwa kuliko vyote. Rangi ya kutu isiyong'aa pembeni mwa reli, mataruma uyatie kijivu kilichochanganyika na kahawia lakini yasifanane yote, mengine yawe mazee zaidi, na ufute juu ya reli kabla rangi haijakauka maana hapo ndo umeme unapopita. Kazi ya jioni moja tu hiyo, na inabadilisha kila kitu.

Kokoto sasa. Fanya hesabu, kokoto ya reli halisi ni sentimita 3 mpaka 6, gawa kwa 87 unapata kama milimita 0.3 mpaka 0.7. Wanaoanza wote wanaweka kokoto kubwa mno, nyumba na treni vinakuwa sawa halafu chini kuna mawe ya kichwa cha mtu. Chekecha. Mwaga kavu katikati ya reli na pembeni, sambaza kwa brashi laini ukigongagonga mpini wa brashi juu ya reli ili punje zishuke kutoka kwenye mataruma, na hapa usiwe na haraka kwa sababu kokoto ikishakauka ilivyo ndivyo itakavyobaki. Ikikaa sawa pulizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo au spiriti, pulizia mpaka ilowe kwelikweli, usiogope, kokoto kavu inalikataa tone la gundi, linabaki juu kama shanga na linabeba punje zote. Halafu chukua gundi nyeupe ya mbao uichanganye nusu kwa nusu na maji, dondoshea kwa bomba la sindano, iache kutwa nzima. Kwenye pointi weka kidogo sana na ukae mbali na zile ndimi zinazotembea, zipake mafuta kidogo kwanza, na kila baada ya dakika chache zisogeze huku na huku mpaka gundi ishike. Pointi iliyogandishwa na gundi mara nyingi ndo mwisho wake.

Nyasi usiweke rangi moja. Zile nyuzi zinazosimamishwa kwa umeme tuli zinakuja urefu tofauti, milimita 2, 4, 6, changanya. Mimi naanza na fupi zilizokaukakauka kisha zile ndefu za kijani nazitia kwa mafungumafungu, na naacha sehemu zisizo na kitu, kwenye njia ya miguu, chini ya mti, mlangoni mwa kibanda ambako watu wanakanyaga. Ardhi inaonesha nani anapita wapi. Nikikaa naangalia picha za reli ndogo zinazonigusa, zote zina hicho kitu, kuna mahali nyasi zimekufa kwa sababu mtu fulani wa milimita 20 anapita hapo kila siku.

Na piga picha. Weka simu chini kabisa usawa wa macho ya hao watu wadogo, siyo kutoka juu. John Allen wa Marekani, aliyejenga ile reli ndogo maarufu ya Gorre & Daphetid, alikuwa mpiga picha kwa kazi yake na inaonekana wazi, alikuwa anaficha hadi vioo kwenye mandhari ili chumba kionekane kinaendelea. Picha inakuonesha makosa ambayo jicho lako limeshayazoea, mlango uliozidi urefu (mlango wa mita 2 ni milimita 23 tu), mti unaoelea, jengo lenye ufa wa mwanga chini kwa sababu halijazamishwa kwenye udongo.

volti_kumi_na_mbili:

Naongelea shida ya pili tu maana wengine wameimaliza ya kwanza.

Injini kuchoka upande wa mbali ni umeme unapungua njiani. Naamini umeunganisha kontrola sehemu moja tu, basi umeme unasafiri kupitia vile viungio vidogo vya bati kila jointi, na kila kiungio kinakula kidogo. Leo vinakula kidogo, mwakani vikishapata kutu na gundi ya kokoto vitakula zaidi. Usitegemee kiungio kupitisha umeme, kazi yake ni kushika reli zisipishane.

Pitisha nyaya kuu mbili chini ya meza kuzunguka pote, nene kidogo, milimita za mraba 1.5 au 2.5, kila njia ya mzunguko na jozi yake kama unatumia kontrola mbili. Halafu kila kipande cha reli kitoe nyaya mbili nyembamba fupi kushuka kwenye nyaya kuu. Nyekundu reli ya nje, nyeusi reli ya ndani, usibadilishe hata mara moja hata kama nyekundu imeisha na umebakiza waya mmoja tu, nenda katafute nyingine. Ukizibadilisha itapiga shoti na utatafuta siku mbili.

Kusolda kunaogopesha watu kwa sababu ya mataruma kuyeyuka. Siri ni joto kubwa muda mfupi, siyo joto dogo muda mrefu. Safisha reli kwa msasa laini hapo unaposolda, upande wa nje ambako gurudumu halifiki, paka rezini ya kusoldea (usitumie ile ya asidi ya mafundi bomba, inakula waya taratibu miaka inayofuata), weka kitambaa kibichi pande zote mbili kunyonya joto, upake waya risasi kwanza, gusisha, sekunde mbili tatu, toa. Kabla hujafanya kwenye meza fanya mara kumi kwenye kipande kibovu.

Na usisolde kila jointi mkuu. Za kwenye kona solda kama fundi_geji alivyosema, za kwenye mstari ulionyooka acha nafasi ya unene wa kadi. Mbao inavimba na kunywea kadri unyevu wa hewa unavyobadilika, reli isipokuwa na pa kupumulia itajikunja yenyewe siku moja hujui hata imetokea vipi.

Ukija kuhamia DCC (mfumo wa kuongoza treni kidijitali) baadae nyaya hizohizo zitakufaa. Kule umeme unakaa kwenye reli muda wote na kila injini inasikiliza namba yake, kwa hiyo ukiwa na nyaya nyembamba shoti ikitokea mbali mashine haiioni, haikati, na kinachoungua ni injini yako. Kipimo chake ni rahisi, weka sarafu juu ya reli mbili kila baada ya mita moja, mashine lazima ikate umeme papo hapo kila mahali. Kuna mahali haijakata? Ongeza nyaya hapo.

kichwa_cha_moshi:

Wakuu asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii.

Nimeinama kama fundi_geji alivyosema nikafunga jicho moja na kipembe nimekiona, kiko wazi kabisa, nashangaa nilikuwa sikioni miezi yote hii. Nimeng'oa vipande vyote viwili, kesho nasolda. Nimepima na mabehewa, saba kati ya kumi na moja yako chini ya uzito, moja la sentimita 15 lina gramu 61!

Dada mataruma ubao wa mazoezi nimeshaukata, mwanangu amesema huo ni wake.

Swali lililobaki ni lile la kupandisha njia ya nje ikatize juu ya njia ya ndani. Nimeona wengine wanafanya. Mwinuko wa kiasi gani injini inaweza kupanda?

fundi_geji:

Gramu 61 ilikuwa inaruka siyo kutembea hiyo.

Kuhusu mwinuko tufanye hesabu pamoja. Treni ya HO inataka nafasi ya milimita 76 hivi kutoka juu ya reli mpaka chini ya daraja. Ongeza unene wa daraja lenyewe, koki na reli ya juu, unafika milimita 100 kutoka reli mpaka reli. Mwinuko mzuri ni asilimia 2, yaani unapanda sentimita 2 kila mita. Kupanda sentimita 10 unahitaji mita 5. Na kushuka mita 5 nyingine. Jumla 10. Sasa njia yako ya nje ukiipima yote, kona mbili na mistari miwili, haifiki mita 6.

Ukisema upande kwa asilimia 4 unahitaji mita 2.5 kupanda na 2.5 kushuka, kwenye karatasi inaingia, lakini lazima mwanzo na mwisho wa mwinuko reli ianze kuinuka polepole la sivyo injini inaning'inia na viungio vya mabehewa vinaachana, na hiyo nayo inakula urefu. Halafu karibu mwinuko wako wote utakuwa kwenye kona, na kona yenyewe inaongeza ugumu kama vile mwinuko umezidi. Injini yako itavuta mabehewa mawili matatu basi. Sikushauri.

Geuza mawazo. Badala ya kupandisha reli, shusha ardhi. Upande wa mbele wa meza, pale njia ya nje inapopita imenyooka, kata plaiwudi sentimita 30 hivi kwa msumeno mwembamba (angalia kwanza mbao ya fremu isiwe hapo, ikiwepo ishushe), tengeneza sanduku la kina cha sentimita 10 chini yake, reli ibaki usawa uleule ikipita kwenye daraja juu ya bonde. Treni haijapanda hata milimita moja na macho yote yanaona daraja refu. Mlima nao uweke kushoto kama ulivyotaka, treni inaingia handakini ikiwa usawa. Ila handaki liwe wazi upande wa nyuma, mkono mzima uingie mpaka kwenye bega, na kabla hujabandika mlango wa handaki pitisha behewa lako refu kuliko yote lenye penseli imefungwa pembeni ya tumbo katikati na nyingine kwenye pembe za mbele. Kwenye kona tumbo linaingia ndani na pembe zinatoka nje, penseli zitakuchorea nafasi inayotakiwa.

Na wakati unasubiri hesabu yako ya 50 cheza mchezo wa kupanga mabehewa wa Alan Wright, ule wa Inglenook, yadi yako inatosha. Njia tatu za kuegesha, moja inabeba mabehewa 5, mbili zinabeba 3 kila moja, na ile njia ya kuingilia, ambako injini inavuta na kusukuma, inabeba injini na mabehewa 3. Una mabehewa 8, kila moja na kadi yake yenye namba, unaokota kadi 5 bila kuangalia, unatakiwa uyapange hayo 5 kwa mpangilio uliotoka. Mipangilio inayowezekana ni 6,720 kwa hiyo hamtaimaliza leo. Kila hatua unasukuma na kuvuta kwenye pointi, kama kuna ubovu wowote pale yadini utajitokeza jioni ya kwanza.

mataruma_na_kokoto:

Hilo la bonde ni zuri sana, na kama utaweka mto chini yake ziba sakafu na kingo zote vizuri kabla ya kumimina rezini ya maji, ipo tayari kukimbia kwenye tundu la sindano na utaikuta sakafuni asubuhi. Mimina tabaka jembamba, subiri likauke, mimina lingine. Paka chini rangi ya tope iliyokolea katikati na nyepesi pembeni, kina kinatokana na rangi siyo na wingi wa rezini. Pimamaji lazima.

mchanga_wa_mtoni:

Nadokeza kidogo tu. Kama utachekecha mchanga wako mwenyewe kwa ajili ya kokoto au udongo, pitisha sumaku yenye nguvu ndani yake mara kadhaa kabla hujautumia, ifunge kwenye mfuko wa plastiki ili iwe rahisi kusafisha. Mimi sikufanya hivyo. Mchanga wangu ulikuwa na punje nyeusi za chuma, ndogo huwezi kuziona, mota ya injini ina sumaku, ikawa inazivuta kila inapopita mpaka siku moja ikaanza kulia na ikasimama. Nilipoifungua ndani kulikuwa na ndevu za chuma. Injini niliyoipenda kuliko zote hiyo.

Pia uoke kwenye oveni kwanza, kuna mayai ya wadudu humo.

kichwa_cha_moshi:

Narudi na ripoti, wiki tatu zimepita.

Jointi nilisolda vikiwa vimenyooka nikakunja, mara ya kwanza niliyeyusha mataruma manne, mara ya pili kwa kitambaa kibichi ikatoka safi. Nyaya kuu zimepita chini ya meza na kila kipande kina nyaya zake, sasa injini inazunguka kwa mwendo mmoja, nilisimama tu naiangalia kama dakika kumi bila kufanya kitu. Mabehewa yote nimeyaongeza uzito kwa nati. Behewa moja likaendelea kutoka kwenye pointi ya pili, nikaandika kwenye daftari kama nilivyofundishwa, nikakuta magurudumu yake ya nyuma yamesogeleana kwenye ekseli, nimeyarudisha kwa kipimo na limetulia.

Kuhesabu kinyumenyume nilianza upya mara nne. Ya 12, ya 31, ya 8, ya 44. Hiyo ya 44 iliuma. Juzi usiku ilifika 50 na nikaiacha ikafika 63 ndo nikaizima mwenyewe.

Daraja nimekata nafasi yake tayari, mlima bado. Ubao wa mazoezi umeisha, kokoto yake imekuwa kubwa kweli kama dada alivyoonya lakini kuna njia ya miguu kutoka kibandani mpaka relini, mwanangu aliichora kwa kidole kabla gundi haijakauka na nimeiacha vilevile. Sasa hivi yuko kule chumbani na kadi za Inglenook, ameokota 7, 2, 5, 1, 8 na ananiita niende kushika kontrola.